Ajenda Namba Sita

Kamba yenyewe ilikuwa ya njano, ile ya nailoni wanayofungia magunia ya mchele, na ilikatiza njia kutoka kwenye jabali kubwa mpaka kona ya choo cha jirani, Ikupa. Chiku aliikuta asubuhi, beseni la vitumbua kichwani. Kama si mazoea yake ya kutazama mbele kuona nani kaamka na nani kavaa nini, ingemkata magotini, vitumbua vyote vikawa vya kuku.

Alisimama akahesabu vigingi. Vinne. Upande wa pili wa kamba fundi mwashi mmoja, kajikunyata ndani ya koti la baridi, alikuwa anapiga mswaki.

"Kamwene, fundi. Hii nini?"

"Kamwene, mama. Msingi wa ukuta. Tunaanza Jumatatu."

"Ukuta wa nani?"

"Wa bosi Shigela."

"Na njia itapita wapi?"

Fundi akatema povu pembeni, akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Njia gani?"

Mtu wa kuja ungemsamehe. Mtaa wa Mawemawe, huko juu ukishaipita Kihesa, umejengwa katikati ya majabali kama watu waliobanana kwenye arusi: kila nyumba imejishikiza ilipopata. Njia za miguu zipo nyingi. Lakini inayoweza kupitisha bajaji mpaka mlangoni kwa Chiku ilikuwa hiyo moja, na ndiyo aliyopitia mumewe, Yunusu, kwa bajaji, kila Jumanne na Ijumaa kwenda hospitali kufanyishwa mazoezi ya viungo.

Yunusu alikuwa fundi cherehani. Alikuwa, maana kiharusi kilimkuta mwezi wa pili akiwa na mkasi mkononi, kikachukua upande wa kulia wote na nusu ya maneno. Pale Mawemawe hakuna mwanamume aliyeoa bila suti ya Yunusu. Daktari wa viungo alishamwambia Chiku waziwazi: miezi sita ya mwanzo ndiyo ya kupigania, baada ya hapo mkono utakaa ulivyokaa. Na sasa ulikuwa mwezi wa tatu tangu augue.

Vitumbua siku hiyo viliuzwa baridi.

*

Shigela alikuwa mfanyabiashara wa mchele wa Chimala. Ukoo wao ulishuka na ng'ombe kutoka Usukumani mpaka bonde la Usangu yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na sasa alitaka watoto wake wasome Iringa. Ni mtu mrefu, mpole, wa kuvua kofia akiongea na mtu mzima. Mtaa mzima ulikuwa umejiandaa kumchukia, ukakosa pa kushika.

"Shikamoo, mayu," alimsalimu Chiku jioni ile, akimwita mama kwa Kisukuma chake.

"Marahaba, baba. Nimekuja kwa ajili ya kamba."

Shigela hakujifanya haelewi. Aliingia kwenye gari akatoka na ramani, akaitandaza juu ya boneti.

"Mayu, njia naiona. Macho ninayo. Lakini hapa," akagusa karatasi kwa kidole, "haipo. Aliyeniuzia hakuniambia. Manispaa hawakuniambia. Wewe ndiye wa kwanza."

"Sasa si nimekwambia?"

"Umeniambia kwa mdomo." Alisema taratibu, bila dharau. "Kule Usangu tumehamishwa mara tatu, mayu. Mara zote kwa mdomo. Ng'ombe wa baba yangu wamepotea kwa maneno ya mdomo. Mimi nikiacha mita tatu leo kwa maneno, kesho atakuja mwingine na maneno yake. Niletee karatasi. Karatasi ya serikali iseme hapa kuna njia, siku hiyohiyo nasogeza kamba."

"Na isiposema?"

"Basi itakuwa haipo." Akakunja ramani. "Msingi nitausubirisha mwezi mmoja. Ila tofali zinakuja kesho, lori limeshapakia."

Chiku alirudi nyumbani akiwa na hasira isiyo na mtu wa kupelekewa. Mgonjwa alikuwa ameketi kwenye kiti chake mlangoni, shingo imeelekea njiani kama kawaida.

"Kasemaje?" aliuliza. Siku hizi kila neno lake lilitoka peke yake, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Anataka karatasi."

Yunusu akafikiri. "Ana... akili."

"Uko upande wa nani wewe?"

*

Ofisi ya serikali ya mtaa ni chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, ukikaa humo nusu saa unatoka mweupe. Chiku alipita mbele yake miaka yote bila kuingia. Mikutano ya mtaa hakuwahi kuhudhuria hata mmoja. Alikuwa akiletewa habari zake kesho yake kwenye vitumbua, zimeshatiwa chumvi, na aliona hivyo ni vizuri zaidi.

Mtendaji wa mtaa, kijana aitwaye Ombeni, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kalamu.

"Hiyo ni ya mkutano mkuu wa mtaa, mama Farhan. Wakazi wakae, wakubaliane, mimi niandike muhtasari. Muhtasari unapanda kata, kata inapeleka manispaa."

"Si uandike tu hapohapo ulipo? Njia unaijua. Jana umepita nayo."

"Mimi naijua. Serikali haijui."

"Wewe si ndiyo serikali?"

Ombeni akacheka. "Mimi ni mtendaji. Serikali inajua kile kilichosemwa mkutanoni kikaandikwa. Kisichosemwa pale, hata kama tunakikanyaga kila siku, hakipo."

Neno hilo lilimkaa Chiku. Miaka thelathini alikuwa ndiye daftari la mtaa: nani kamposa nani, nani kafukuzwa kazi, nani anaumwa nini na anasema anaumwa nini. Yote hayo, kumbe, yalikuwa yanamwagika chini. Kumbe palikuwa na mahali ambapo maneno yakitamkwa yanageuka kuwa kitu, na mahali penyewe ni nyuma ya mashine ya kusaga.

"Haya. Niandike kwenye huo mkutano."

"Ajenda zimeshabandikwa." Ombeni alionyesha karatasi ukutani. Kufungua, muhtasari uliopita, mapato na matumizi, ulinzi, taka. Ya sita: Mengineyo. Ya saba kufunga. "Yako itaingia hapa, kwenye Mengineyo."

"Mengineyo ndiyo nini?"

Kijana akakuna kidevu. Bila shaka hakuwahi kuulizwa. "Ni mambo yote yasiyo na mahali pake."

"Yanazungumzwa lini?"

"Mwishoni. Wakiwepo watu." Akashusha sauti. "Mama, nisikufiche. Wakifika Mengineyo watu wanaanza kukung'uta makalio waondoke. Na kwanza mkutano wenyewe uwepo. Miwili iliyopita tumeahirisha, akidi haikutimia. Wa mwisho walikuja kumi na tisa, na wawili kati yao walikuwa wanapita."

Jioni Chiku alimsimulia mumewe yote. Kwenye akidi Yunusu alinyanyua mkono wa kushoto kumsimamisha.

"Akida? Si... waliondoka... na Mjerumani?"

"Akidi, mume wangu. Idadi ya watu."

"Aa," alisema, na upande mmoja wa mdomo ukacheka. Ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu mwezi wa pili.

*

Tofali zilishuka kama zilivyoahidiwa. Ijumaa, Sosthenes wa bajaji alipiga honi kule chini, akapiga tena, kisha akapanda kwa miguu.

"Mama Farhan, pale hata baiskeli haiingii."

"Tutamshusha nyuma, kwenye mawe."

"Mzee huyu? Tutambeba na nini?"

Ikupa, jirani wa choo cha kona, mwanamke wa Tukuyu asiyeshindwa kitu, ndiye aliyekwenda kuazima toroli kwa fundi wa Shigela. Aliliosha, akalikausha kwa gunia, akatandika khanga mbili. Yunusu alilitazama kwa muda mrefu.

"Nimekuwa... saruji?"

"Umekuwa bwana arusi," alisema Ikupa. "Panda, shemeji, ukichelewa wanaita mwingine."

Walimshusha. Sosthenes alishika mikono ya toroli, Chiku na Ikupa walizuia mbele. Walipofika bombani kina mama waliokuwa wanagombania foleni walinyamaza wote kwa mpigo, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. Wangemcheka, Yunusu angejua la kufanya. Kwenye mawe toroli likainama. Yunusu hakuanguka, lakini kofia yake ya vito ilidondoka ikabingirika mpaka miguuni kwa mzee Kalinga, mwenyekiti wa mtaa, aliyekuwa anapanda na gazeti kwapani.

Kalinga aliiokota, akaipangusa. "Pole, fundi," alisema. Akalitazama koti alilovaa, na Chiku akaona anachokitazama: mshono wa bega, kazi ya Yunusu ya mwaka ule Kalinga alipochaguliwa.

Waliporudi Yunusu aliomba ageuziwe kiti, atazame ukuta.

"Sipandi... tena."

Jumanne hakwenda. Ijumaa iliyofuata hakwenda. Mtoto wao Farhan alipiga simu kutoka Mbeya, ana vyumba viwili karibu na soko la Mwanjelwa: "Mama, uzeni hapo, mje huku. Huku bajaji inaingia mpaka kitandani."

"Tukauze nyumba kwa sababu ya kamba?"

"Si kamba, mama. Ni baba."

Chiku alikata simu kwa kusingizia mafuta yanaungua. Mkono wa Yunusu ulikuwa umelala mapajani, vidole vimeanza kujikunja kama vya mtu aliyeshika sindano ndogo sana.

*

Mkutano ulikuwa Jumapili. Kuanzia Alhamisi Chiku alizunguka na beseni nyumba kwa nyumba, hata kwa wasiokula vitumbua.

"Jumapili mkutanoni utatajwa," alimwambia kila mmoja, kwa sauti ya kumwonea huruma.

"Mimi? Na nani? Kwa lipi?"

"Mimi sijui, nimesikia tu. Ila ningekuwa wewe ningekwenda nijisikilizie mwenyewe."

Ikupa alimbana uani. "Mwenzangu, unasema uongo mtaa mzima na Jumapili takatifu inakuja."

"Uongo uko wapi? Mtendaji si anaita majina ya mahudhurio? Kuitwa jina siyo kutajwa?"

Ikupa alishika mdomo. Kisha akachukua ungo wake wa ndizi akaenda kutangaza upande wa pili.

Walikuja watu mia moja na sitini na tatu. Uwanja wa mashine ulijaa, wengine wakapanda majabalini. Walikuja wamevaa vizuri na wamenuna, kila mmoja na utetezi wake moyoni. Ombeni aliita majina mpaka sauti ikakauka, na mzee Kalinga, aliyezoea kuhutubia viti, alianza kwa kikohozi kirefu.

Chiku aliketi mbele, macho hayatulii. Kumbe ndivyo wanavyofanya! Mtu ananyoosha mkono, anaitwa, anasema, wengine wote wananyamaza. Nyumbani kwake hakuna aliyewahi kuongea peke yake. Kwenye mapato na matumizi mama mmoja aliuliza ufagio gani unanunuliwa kila mwezi na unafagia wapi, na mweka hazina akatoka jasho na baridi ile. Kwenye taka walikaa saa nzima. Wingu likawa limeshika juu ya Kihesa.

"Ajenda namba sita," alisema Kalinga. "Mengineyo."

Kama Ombeni alivyotabiri, watu wakaanza kunyanyuka, wanakung'uta nguo.

"Kaeni!" Chiku alikuwa amesimama bila kuitwa. "Hamjatajwa bado!"

Wakaketi.

"Mama Farhan," alisema Kalinga, "kwa utaratibu, unanyoosha mkono."

Chiku akanyoosha mkono, amesimama hivyohivyo. "Mwenyekiti, mimi ajenda sina. Mimi nina njia, na inafungwa. Mnaijua. Mume wangu mmemwona kwenye toroli, msiniambie hamkumwona, mlinyamaza wote bombani. Sisemi mumwonee huruma. Nasema kila mtu aliyewahi kupitisha kitu pale aseme, yule kijana aandike. Basi."

Kisha Ikupa akanyoosha mkono. "Jeneza la mama yangu lilipita pale. Mwaka wa mafuriko."

"Kabati la bibi arusi wangu," alisema mwingine kutoka jabalini. "Milango mitatu."

"Gari la wagonjwa. Nilipojifungua mapacha."

"Ng'ombe wa mahari!"

"Wangapi?"

"Mmoja, lakini alipita!"

Walicheka, na baada ya kicheko mikono ikawa mingi kuliko kalamu ya Ombeni. Hata mzee Kalinga aliomba radhi kwa kuwa ni mwenyekiti, akasema sofa yake ilipita pale mwaka 1998, na kwamba angependa iandikwe.

Nyuma kabisa Shigela alikuwa amesimama, kofia mkononi. Kalinga akampa nafasi.

"Mimi sikujua kuna mkutano wa namna hii," alisema. "Ningejua ningekuja kabla ya kufunga kamba. Nimesikia. Lakini mayu anajua nilichosema. Nangojea karatasi."

"Tupige kura kwanza," alisema Kalinga. "Wanaosema njia ipo?"

Mikono yote ilipanda, pamoja na wa fundi wa Shigela, aliyejisahau, akamtazama bosi wake, akaushusha nusu.

"Imepita. Mtendaji, andika."

"Niandike njia gani, mwenyekiti? Lazima iwe na jina."

Hapo ndipo palipoharibika. Wa chini walisema ni Njia ya Mashine. Wa juu walisema Jabalini. Ikupa alisema Kwa Ikupa, maana choo chake kimeilinda miaka yote. Wengine Kwa Fundi, wengine wakauliza fundi yupi, mafundi wako wanne. Kina baba wawili walishikana mashati kwa ajili ya majina ya babu zao. Tone la kwanza lilianguka kwenye muhtasari, la pili likafuata, na Kalinga akafunga mkutano kwa kupaza sauti juu ya mvua kwamba jina litajadiliwa kikao kijacho. Ombeni aliandika mstari wa mwisho, karatasi kaifunika kwa kifua.

*

Muhtasari ulipanda. Chiku aliufuata kata. Wakamwambia umeingia kwenye kamati. Akaufuata tena, umejaziwa fomu, umekwenda manispaa. Alianza kupendwa huko. Karani mmoja alimwonyesha rejista, akapitisha kidole kwenye safu na safu za mambo ya mitaa mingine: kalvati, taa, mbwa, makaburi. Chiku aliyasoma kama anavyosikiliza habari za jirani. Mji mzima kumbe ulikuwa unasema.

"Na wanajibu?"

"Wanajibu, mama. Ila hawana haraka."

Nyumbani Yunusu alikuwa bado ametazama ukuta. Chiku alimkanda vidole kwa mafuta ya nazi, kimoja kimoja, kama alivyoonyeshwa na daktari, akimsimulia habari za kalvati.

Mwezi ukaisha siku ya Jumatano. Shigela alikuja mwenyewe mlangoni, akakataa kuketi.

"Mayu, siku zimefika."

"Nimeziona."

"Mafundi nimewalipa kukaa bure mwezi mzima. Siwezi zaidi. Mzee anisamehe."

Yunusu hakugeuka. "Una... haki," aliuambia ukuta.

Alhamisi asubuhi sururu zilianza kulia. Chiku alikwenda akasimama pale, hakujua afanye nini, akaishia kuwapa mafundi vitumbua. Mfereji wa msingi ulikuwa umefika katikati ya njia wakati gari dogo la manispaa lilipokwama nyuma ya tofali. Wakashuka watu wawili wenye vizibao vya rangi ya chungwa, mmoja na karatasi, mwingine na bomba refu la chuma begani.

"Samahani, mama," alisema wa karatasi. "Hapa ndiyo Njia ya Mengineyo?"

Fundi akaacha kuchimba. Ikupa, aliyekuwa anaanika nguo, akaacha kuanika.

Chiku alikodoa macho. Mengineyo ndiyo nini? Kisha akaiona, kama ilivyokuwa siku ile ya mvua mkutanoni: karatasi ya Ombeni, kichwa cha habari kwa herufi kubwa, MENGINEYO, na chini yake neno Njia. Mezani kwa mtu fulani, kwenye fomu yenye kisanduku cha jina ambacho hakikutakiwa kubaki wazi, mtu aliyechoka kajaza alichokiona. Angeweza kusema hapana, mmekosea, hakuna njia ya jina hilo. Wangeondoka na bomba lao.

"Ndiyo hapa," alisema. "Mmechelewa kweli."

"Tuwekee saini." Yule mtu alitazama chini. "Ooh, na shimo mmeshatuchimbia."

Fundi wa Shigela aliutazama mfereji wake. "Hili si..."

"Ahsante sana, kaka. Niazime hiyo sururu kidogo."

*

Shigela alifika saa nane kutoka Chimala, vumbi la mpunga bado liko kwenye nyusi. Alipaki mbali, akaja kwa miguu, akasimama chini ya nguzo. Kibao kilikuwa cha kijani, herufi nyeupe: NJIA YA MENGINEYO. Mtaa mzima ulikuwa umejibanza milangoni kujifanya unafanya mambo mengine.

"Nilikuomba karatasi, mayu."

"Hawakuwa na karatasi. Wameleta bati."

Shigela aliligonga kwa ukucha. Likalia. "Na mengineyo maana yake nini? Jina la mtu?"

"Ni mambo yote yasiyo na mahali pake."

Alivua kofia, akalisoma tena lile jina. Alipocheka, kicheko chake kilikuwa kirefu kama yeye mwenyewe. Hakuna aliyewahi kukisikia pale Mawemawe.

"Basi hata mimi nakaa hapo," alisema. Akainama, akang'oa kigingi cha kwanza kwa mkono. "Fundi! Fukia. Tunarudi ndani mita tatu."

"Bosi, na tofali?"

"Zibebe. Toroli si unalo?"

Ijumaa Sosthenes alipiga honi mlangoni kabisa, akapiga tena na tena bila sababu, kwa raha tu. Yunusu alikigeuza kiti mwenyewe. Ilimchukua robo saa, na Chiku alijizuia asimguse.

Hospitalini, kijana wa mapokezi alikuwa anajaza upya makazi ya wagonjwa kwenye kompyuta. "Mzee, njia gani?"

"Menginey... o."

"Mengineyo nitajaza mwisho, mzee. Njia ipi?"

Chiku alitaka kuingilia. Yunusu alimzuia kwa jicho, akaanza upya, pole pole.

*

Mkutano uliofuata Chiku hakuzunguka na beseni. Mzee Kalinga, mtu wa utaratibu, alieleza kwamba jina la njia liliingia kwa makosa, na mtaa una haki ya kulisahihisha. Mtendaji akaulizwa hatua.

"Tunaanza mwanzo," alisema Ombeni, masikio yamemwiva. "Mkutano, kata, manispaa. Na wakati tunasubiri, kibao kinang'olewa."

"Wanaotaka lisahihishwe?" aliuliza Kalinga.

Watu wa jabalini walikohoa tu. Hata wale wawili wa majina ya babu zao walikunja mikono.

Wakaendelea. Mapato, ulinzi, taka. Mama wa ufagio aliuliza tena habari za ufagio. Jua lilikuwa linaelekea chini na baridi imeanza kupanda miguuni, saa ile ambayo zamani watu wangekuwa wameshafika nyumbani wanachochea moto.

"Ajenda namba sita," alisema Kalinga, na kwa mazoea alianza kukusanya karatasi zake. "Mengineyo."

Hakuna aliyenyanyuka.

Kalinga aliinua macho. Wote walikuwa wameketi, wamemtazama. Mbele, pembeni ya bajaji ya Sosthenes, mkono wa kushoto ulikuwa umepanda, na chini yake ule wa kulia ulikuwa umeinuka pia, kwa kiasi cha kikombe cha chai kutoka pajani, unatetemeka.

"Fundi Yunusu," alisema mwenyekiti.

"Mtaro," alisema Yunusu. Akapumzika. "Maji... ya mvua... yanachimba..."

Neno lililofuata lilikataa. Chiku alilijua, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, na nusu ya mtaa pia walilijua. Wote walilishikilia mdomoni. Ombeni alikuwa ameinua kalamu juu ya karatasi, hakuishusha, na watu mia mbili na kitu wa Mawemawe walikaa kwenye baridi wakimsubiri amalize.